Uso wa Tisa

Ekerenyo,
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Mokeira,

Salamu za nyumbani zitafuata. Kwanza niambie mimi nimekukosea nini.

Jana nilikwenda sokoni kutafuta mbegu za mboga ya chinsaga. Nilipopita mbele ya banda la Duke, lile ambalo vijana hukodisha kompyuta wacheze michezo, kicheko kikatoka ndani, halafu kikakatika waliponiona. Wewe unajua nimefundisha shule ya msingi hadi nywele zikawa nyeupe. Darasa likinyamaza namna ile, mwalimu anajua amechorwa ubaoni. Nikaingia.

Nikajiona. Pua yangu, kovu la kidevuni, pengo la jino, na mgongo wangu huu uliopinda, vyote viko kwenye skrini. Nilikuwa nimevaa joho jeusi na kushika fuvu la ng'ombe. Chini pameandikwa: MCHAWI.

Duke alikuwa mwanafunzi wangu na adabu bado anayo. Alinipa kiti. Akanieleza kwamba mchezo wenyewe unaitwa Walinzi wa Manga, kwamba mnautengeneza huko kwenu Kisii, na kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemletea ili vijana waujaribu kabla haujauzwa. Mchezaji anaanza kwa kujiundia mtu wake. Anachagua uso, kisha mwili, kisha nywele, mwisho kazi. Nikamwambia aniunde upya mbele ya macho yangu. Akachagua Uso wa Tisa. Ndiyo, siku hizi nina namba. Akafika kwenye kazi. Mpiga mkuki, kufuli. Mwindaji, kufuli. Mhunzi, mganga, mpiga nyuzi za obokano, kufuli, kufuli, kufuli. Kazi iliyowaka taa ilikuwa moja tu. Akajaribu Uso wa Pili, ambao ni kijana mwenye kifua, na kazi zote zikafunguka.

Ningecheka yakaishia hapo. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Machogu, shemeji yangu. Unamjua vizuri. Tangu babu yako afariki, majani yangu ya chai ya kando ya mto anayatazama kuliko anavyotazama ya kwake. Jioni, kwenye kituo cha kupimia majani, aliwaambia watu wote: "Mimi nikisema, mnasema ni chuki ya shamba. Sasa kompyuta ina shamba gani? Ina ukoo gani? Imempima Drusilla ikakataa awe kitu kingine." Na watu waliomaliza kidato cha nne, mjukuu wangu, walitikisa vichwa kukubali.

Umezaliwa hapa. Unajua neno omorogi, mchawi, likishasemwa mbele ya watu linakwenda kulala wapi, na linaamka na nini mkononi. Sina haja ya kukuandikia habari za mafuta ya taa.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ni lazima nipaze sauti, na siku hizi nyuma ya nyumba yangu wanapita watu wasio na njia huko. Nyabuto wa bodaboda atakuletea hii mkononi. Nijibu kwa njia hiyohiyo, na kwa Kiswahili nilichokufundisha, si kile chenu cha kukatakata. Nataka kujua jambo moja. Nani alinitia kufuli?

Bibi yako,
Drusilla


Kisii,
Ijumaa, 7 Machi 2025

Kwa Magokoro, bibi yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa ngazini, hapa juu ya duka la vitambaa la babake Palak ambapo tumepanga ofisi. Palak, yule ninayefanya naye kazi, alidhani nimefiwa na bibi. Nikamwambia bado.

Uso ni wako na niliutia mimi. Nilipewa kazi ya kuchonga nyuso ambazo wachezaji watachagua. Nane za kwanza zilikuwa nzuri na hazikuwa na mtu ndani. Kwa ya tisa nikachukua ile picha niliyokupiga ukipepeta wimbi, siku uliyonicheka kwa kushindwa kushika ungo. Nilichonga kila mkunjo. Nilikuwa nafika ofisini asubuhi nakusalimu kwanza kabla ya kuwasha kompyuta nyingine. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilitaka uje ujione ghafla ufurahi, na ona sasa nilivyokufurahisha.

Kufuli halikutokana na uso, limetokana na mgongo. Nikueleze, maana ni jambo la kazi tu. Kwenye gemu, nguo hushonewa mwili. Sisi tulikuwa na mwili mmoja ulionyooka, na ngao, ngozi, shanga na mapanga yote yalishonewa huo. Mwili wako uliopinda ukivishwa ngao, ngao inaingilia kifuani inatokea mgongoni. Ilibidi kila vazi lishonwe upya. Vazi lililokuingia bila taabu lilikuwa moja, joho la mchawi, kwa kuwa ni pana kama hema. Eric, bosi wetu, akasema, basi mzee avae joho, kazi zilizobaki zifungwe, tuokoe muda. Mimi nilikuwa nimechoka, nikaitikia. Hakuna mashine iliyokupima, Magokoro. Ni uvivu wa watu watatu ndani ya chumba kimoja, na mmoja wao ni mimi.

Sasa nitakufuta. Toleo jipya likimfikia Duke, Uso wa Tisa hautakuwepo, na Machogu atakosa cha kuwaonesha watu. Nawe nakuomba uende Kenyenya kwa shangazi Celestine mpaka maneno yapoe. Nimeshamwambia, na amekutandikia chumba cha mbele.

Mjukuu na mke mwenzako, kama babu alivyoniita,
Mokeira


Ekerenyo,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mke mwenzangu,

Ngoja nicheke kwanza. Kumbe uchawi wangu wote ni kukosa fundi wa cherehani.

Nimemaliza. Sasa sikiliza. Kunifuta, hapana. Na Kenyenya siendi.

Unamkumbuka mamake Onyiego? Ndiye aliyekuwa akikupa ndizi ya kuchoma ukitoka shule. Walipomwita omorogi, wanawe walimwambia aende Masimba kidogo, maneno yapoe. Alikwenda. Wiki ileile watu wakaanza, kama hana hatia amekimbia nini? Nyumba yake ikachomwa haina mtu, na shamba likapandwa mahindi ya wengine. Alifia Masimba kwenye chumba cha kupanga. Leo uliza mtu yeyote hapa Ekerenyo mama yule alikwenda wapi, atakwambia alihama. Hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyelima shamba la mtu. Mama alihama tu.

Nawe unataka kunifuta kwa kidole, taratibu, kwa sababu unanipenda. Wao wakitaka kumfuta ajuza wanahitaji kiberiti. Tofauti siioni vizuri, pengine ni macho yangu.

Ninachotaka ni nguo. Nimefundisha ushonaji pia, na siku zote niliwaambia wasichana kwamba nguo isipomwingia mtu, hukati mtu, unafungua mshono. Fungua mshono. Nishonee ngao na ngozi na shanga, na ufungue kazi zote. Siku nikitaka kuwa mchawi nitachagua mwenyewe, kama yule kijana wa Uso wa Pili anavyoweza kuchagua, na hakuna anayemwendea na mafuta ya taa.

Wakati nasubiri, kila siku nikishakamua ng'ombe nakwenda kukaa bandani kwa Duke, kiti cha mbele kabisa, ninapoonekana na kila apitaye. Anayenisema anisemee usoni. Duke ananifundisha kubonyeza. Nimekufa mara nyingi sana, mara nyingine hata adui hajafika, nimejitumbukiza mtoni peke yangu. Kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli nina uwezo wa kupaa. Nikamwambia kwa goti hili hata ngazi za kanisa napandishwa.

Na kanisani nimekwenda. Sabato iliyopita nilikaa mahali pangu pa siku zote. Benchi lilipungua watu, nikapata nafasi nzuri ya kuweka mkoba.

Drusilla


Kisii,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Magokoro,

Nilizungumza na Eric. Hataki. Anasema mwezi wa tano tunawaonesha wanunuzi mchezo, na hakuna mchezaji hapa duniani atakayechagua bibi aliyepinda mgongo awe mpiga mkuki. "Nionyeshe hata mmoja," aliniambia. Ningemjibu kwamba nina mmoja Ekerenyo anayekufa mtoni kila siku. Sikumjibu.

Lakini usijali. Jambo lako nimelishughulikia kwa njia yangu, na Duke atapata toleo jipya wiki ijayo. Usiniulize zaidi.

Nakuomba tena Kenyenya. Hata kwa siku chache, ukamsaidie shangazi kuchuma. Nikilala naota nyumba yako.

Palak anakusalimu. Amesema ile habari ya mshono ni kweli, na kwao dukani ndivyo wanavyosema.

Mokeira


Ekerenyo,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mokeira, sasa. Ni Duke.

Mimi si mtu wa kuandika, lakini mwalimu, bibi yako, amenipokonya simu. Amesema nikikupigia utakuja hapa ukilia, na kama ni lazima ujue basi niandike kwa utulivu. Mwalimu ni mwalimu tu, hata leo akinyoosha mkono natoa. Kwa hivyo naandika.

Mwalimu yuko poa. Shika hiyo kwanza.

Ile toleo yako niliiweka Alhamisi. Vijana kufungua, nyuso zimeishia nane. Mbona hukuniambia unamtoa? Ungenishtua ningewapanga mapema. Machogu kusikia, akaja mpaka mlangoni kwangu akasema kwa sauti, si mliona? Mashine ilimshika, akaingia ndani akajitoa. Akasema anayeroga mtu tumemzoea, lakini mtu wa kuroga kompyuta tutamweza na nini? Hata wale walikuwa wanamcheka Machogu waliingiwa na baridi. Mimi niliwaambia ni wewe umefuta. Wakaniuliza, uko na ushahidi?

Jana Jumapili mchana wamechoma jiko lake. Si nyumba, ni lile jiko la nje, pamoja na kuni zote na gunia la wimbi. Walifunga mlango na kufuli kwa nje kwanza. Walidhani yuko ndani anapika, kwa sababu moshi ulikuwa unatoka.

Unajua kwa nini hakuwa ndani? Aliacha maharagwe motoni akaja kwangu kutafuta uso wake. Aliniambia, "Niunde tena, Duke." Tukachukua Uso wa Nne, tukavuta pua, tukashusha mashavu, tukatafuta mkunjo, haikukubali. Kila tukimaliza anasema, huyo si mimi, huyo ni msichana amenyeshewa. Akakataa kutoka mpaka tupate. Hiyo ndiyo ilimwokoa, kukataa kwake.

Alipofika akaona, hakulia. Aliuliza kuku wako wapi.

Kitu kingine. Tangu jana vijana wangu wanakaa langoni kwake kwa zamu, na si mimi niliwatuma. Hawa ndio walikuwa wanamvalisha joho kila siku wakicheka. Nikamuuliza mmoja mbona sasa anamlinda. Akasema, "Duke, joho si ni mimi nilikuwa namvalisha? Nikitaka namvua. Machogu ananiambia nini kuhusu joho?"

Fanya kitu, Mokeira.

Duke


Ekerenyo,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mokeira,

Juzi ulisimama nje ya mlango wangu mpaka mvua ikaanza. Nilikuona dirishani. Nilikuambia kupitia pale dirishani urudi ukanirudishe, nikafunga pazia, na sikuombi radhi. Ungeingia ungelia, nami ningekubembeleza, na kabla ya jioni ningejikuta nimebebewa mizigo kwenda Kenyenya.

Nilikuandikia usinifute. Ukanifuta, halafu ukaniambia nisijali. Machogu ni adui na namjua, namwona anakotokea. Wewe ulinijia kwa upande ambao sikuweka mlinzi.

Nimeogopa, mjukuu wangu. Niseme wazi usije ukadhani bibi yako ni jiwe la machimbo ya Tabaka. Mlango uliungua ukabaki kipande, na kwenye kile kipande kufuli lilikuwa limening'inia, zima. Sikulinunua mimi. Nimeogopa, na siondoki. Yote mawili yanakaa ndani ya nyumba yangu na hayajagombana.

Nimekwenda polisi nikaandikisha. Chifu naye alikuja, mtu mpole, akanishauri nihame kwa usalama wangu. Nikamuuliza, na yule aliyenifungia mlango kwa nje, yeye mmemshauri ahamie wapi? Alimaliza chai yake akaaga.

Jumatano ya tarehe kumi na sita mwezi ujao ni siku ya soko. Nimekubaliana na Duke atatoa ile skrini yake kubwa nje, mahali watu wote wanapopita. Nataka siku hiyo niwe ndani yake, na nguo zangu, na kazi zote wazi. Ukishindwa usiniandikie tena, nitajua na wewe umehama.

Drusilla


Kisii,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Magokoro,

Ndani ya bahasha hii kuna flashi, nimeifunga kwa pamba. Mpe Duke mkononi. Uko ndani.

Nilipotoka kwako nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimelowa, nimekuja mbio, nawe umenifungia pazia. Nilisema maneno yangu yote njiani kwa Nyabuto, maskini, naye akaitikia tu. Nilipofika mjini hasira ilikuwa imegeuka. Ulisema kweli. Nilikufuta ili nipumzike mimi. Nilitaka nikifungua kompyuta asubuhi nisikuone umevaa lile joho, basi.

Nilimwambia Palak kila kitu. Hakusema pole. Alivuta kiti akasema, tuanze na ngao. Tumefungua mshono, Magokoro, kila mshono. Ngao ilitusumbua siku tatu, inapenya kifuani tu, hadi Palak akasema, kwa nini tunalazimisha ikae mbele? Akaipachika mgongoni mwako. Mgongo wako una mkunjo wake na ngao imelala pale vizuri, mikono yote miwili ikabaki huru. Sasa mishale ikija wewe unageuka tu. Hakuna mwili mwingine ndani ya mchezo unaoweza jambo hilo. Shanga nazo nimezishona mwenyewe moja moja.

Eric alituona siku ya mwisho. Alituambia tuchague, turudishe makufuli au turudishe funguo za ofisi. Nikaweka ufunguo wangu mezani. Palak akaweka wake juu ya wangu. Kule chini babake alituuliza mbona leo tunashuka mapema, na Palak akamjibu kwa Ekegusii kwamba tumemaliza kushona.

Sijui nitakula nini mwezi ujao, na sijali sana, jambo ambalo linanishangaza. Uso nilichonga mimi na mwenye uso ni wewe. Eric hakuwa na sahihi yako popote. Hilo nilimwambia pia, na safari hii nilimjibu papo hapo.

Kuna kitu kimoja nimeongeza bila kuagizwa. Joho la mchawi nimelipanua. Sasa linamwingia kila mtu, mnene, mwembamba, kijana, mzee, mwanamume, mwanamke. Wewe utajua la kulifanyia.

Mke mwenzako, kama bado unanitaka,
Mokeira


Ekerenyo,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kwa Mokeira, mke mwenzangu,

Bado nakutaka. Keti usome.

Siku ya soko Duke alitoa meza na skrini, akavuta umeme kutoka kwa kinu cha kusaga. Mimi nilivaa gauni langu la Sabato. Niliketi mbele nikashika kile kidude cha kubonyeza, na watu wakaanza kukusanyika, wengine na vikapu kichwani, wengine wamesimama mbali wakijifanya wanapima nyanya. Machogu alikuja. Nilijua atakuja, maana asingekuja angesemwa.

Nikachagua Uso wa Tisa. Nikafika kwenye kazi na sikuharakisha, nilitaka waone. Mpiga mkuki, wazi. Mwindaji, wazi. Zote wazi. Nilivaa ngozi, nikavaa shanga, nikapandisha ngao mgongoni, nikasimama pale kwenye ukingo wa milima ya Manga na mkuki mkononi. Mokeira, nilikuwa mzuri. Mwanamke mmoja muuza ndizi alisema tazama mwalimu, na sauti yake haikuwa ya kucheka.

Machogu akasema, "Amerekebisha. Si niliwaambia anaingia humo?"

Nilikuwa namsubiri aseme. Nikawaambia vijana wa Duke waniundie mtu mwingine, mwanamume. Wakaanza. Tumbo, wakalivuta mbele. Upara, ukaja. Masharubu, yakaja, wakayapunguza upande mmoja. Masikio wakayatoa nje kidogo. Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda kwa wakubwa, kwa sababu kila mtu alishamjua ni nani, na yeye mwenyewe alianza kujishika masharubu. Nikachukua kidude. Nikaenda kwenye kazi, nikabonyeza mchawi.

Joho likamwingia sawasawa. Hongera kwa kazi nzuri, halikubana popote. Akashika na fuvu la ng'ombe.

Kicheko kikakatika. Nikasikia kinu kinavyonguruma. Machogu aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Nilikuwa namtazama. Alikuwa anaangalia nani amesimama karibu naye na njia iko wapi, jambo ambalo mimi nimelifanya kila siku tangu mwezi wa tatu. Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema, "Basi mashine imesema." Alisema kwa mzaha. Lakini mzaha wa namna hiyo naujua, ndio unaotangulia mbele ya kiberiti.

Ningenyamaza tu, mjukuu wangu. Sikuhitaji kufanya kitu kingine. Ningenyamaza nikaenda nyumbani, na wiki hiyohiyo wangekuwa kwake. Nikubali kwamba nilikaa na wazo hilo kidogo, na lilikuwa tamu.

Nikabonyeza, nikamvua.

Nikasimama nikasema kwa Ekegusii, ili hata asiyekwenda shule asikie. Nilisema, hii ni nguo. Aliyemvisha ni mimi, kwa kidole hiki, na aliyemvua ni mimi. Mimi pia nilivishwa. Aliyenivisha anajijua, na aliyenunua kufuli anajijua. Nipo nyumbani. Shamba langu lipo kando ya mto na ni langu. Mwenye neno aje mchana, nitampikia chai.

Machogu aliondoka kabla sijamaliza. Watu walimpisha njia pana kuliko anavyohitaji mtu mmoja, na nadhani hilo alilihisi.

Usidhani nimewabadilisha wote. Jana kanisani benchi langu bado lilikuwa na nafasi, ingawa mke wa mzee wa kanisa alirudi akakaa, akaniomba kitabu cha nyimbo kana kwamba hajawahi kuondoka. Nikampa. Machogu hajaomba radhi na polisi hawajamkamata mtu. Vijana wamenijengea jiko jipya. Mlango nimeuweka ufungukie nje, na kwa nje hauna mahali pa kutia kufuli. Njoo uuone, uje na Palak. Safari hii mlango wa nyumba utaukuta wazi, na nataka nimwone huyo aliyejua ngao inakaa wapi.

Na mwambie Eric yule mmoja aliyemtaka amepatikana. Bandani kwa Duke watoto wanapanga foleni kucheza na Uso wa Tisa, kwa sababu ya ule mgongo. Wanagombania kuwa mimi.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu leo, Jumapili, badala ya kupumzika.

Asubuhi hii alikuja bibi mmoja kutoka ng'ambo ya mto, anatembea kwa fimbo. Hatujuani. Hakuuliza nyumbani kwangu, alikwenda moja kwa moja bandani, na Duke akanitumia mtu mbio. Jicho lake moja ni jeupe na mkono mmoja unatetemeka. Nilipofika alikuwa bado amesimama, amekataa kukaa mpaka asikilizwe. Alisema, "Kwetu wameanza kusema. Wanangu wanataka nihame. Nimesikia hapa kuna mwanamke mliyemtengeneza akakataa kutoka. Nitengenezeni na mimi."

Nimemkalisha kiti changu. Duke amempiga picha, imo ndani ya bahasha hii. Usimnyooshe, jicho liache lilivyo, na mkono uache utetemeke. Huyo ni Uso wa Kumi. Mshonee nguo zote.

Drusilla,
Uso wa Tisa